Barua kwa Mwalimu: Shamba Dogo la Michikichi na Taa Zake

Cheyo, Tabora
9 Juni 2024

Kwako Mwalimu, ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie pamoja na mama watoto na jamaa wote wa Ujiji. Sisi huku tu wazima, na kipupwe kimeanza kuuma asubuhi. Barua yako nimeipata, na nimefurahi sana kusikia kwamba wanafunzi wako wameazimia kujenga kielelezo cha shamba la michikichi linaloteremka hadi ufukweni mwa ziwa, na kwamba wanakitaka kiwe na taa zinazowaka kweli. Umeniuliza mambo ya rangi, gundi na waya, nami nitayajibu. Lakini kabla hamjafungua kopo la rangi nakuomba muamue jambo moja: shamba hilo ni la saa ngapi, na ni la mwezi gani wa mwaka?

Nakuomba hivyo kwa sababu vielelezo vingi ninavyoviona katika maonyesho ya Nane Nane hapa Ipuli havina saa. Taa zimewashwa kila chumba, jua limechorwa katikati ya anga, mkulima analima, mwenzake anavuna, na ng'ombe wanarudi zizini, yote kwa wakati mmoja. Mtazamaji hupita akasema ni kizuri, kisha huenda zake, maana hakuna kilichomwonyesha kuwa pale pana mtu anayeishi.

Nilipojenga kielelezo cha mkulima wa tumbaku wa huku kwetu, nilianza na bani, yaani jengo la kukaushia tumbaku. Mchana bani ni kuta nne ndefu za matofali, bati juu na mlango mdogo, na huwezi kujua lina kazi gani. Usiku ni jambo lingine. Moto umewashwa katika tanuri lililo nje, chini ya ukuta, joto linapita ndani ya mabomba, na majani yaliyofungwa kwenye fito yanageuka kutoka kijani kuwa manjano, kisha yanakauka mpaka kwenye mshipa wa kati. Kazi hiyo huchukua takriban wiki nzima, na kwa muda wote huo moto hauachwi uzimike, hivyo mkulima au mwanawe hulala palepale nje ili auchochee. Nikachagua saa tisa usiku, mwezi wa Machi. Uamuzi huo uliniamulia mengine mengi: nyasi zikawa za kijani kibichi kwa kuwa mvua hazijakatika, nyumba ya familia ikawa giza kwa kuwa wote wamelala, na mwanga ukabaki katika sehemu mbili tu, kwenye mdomo wa tanuri na kwenye kurunzi iliyolazwa kando ya mkeka. Niliombwa kuongeza warina asali, kwa kuwa asali nayo ni sifa ya Tabora, nikakataa kwa heshima, kwa sababu kurina kwa wingi hufanyika mvua zikishaisha, na wala si kazi ya kuchanganya na moto wa bani. Rundo la kuni nililiweka kubwa kama lilivyo kweli, na nyuma yake nikapanga visiki vya miti ya miombo pamoja na safu ya miche ya mikaratusi, kwani ukaushaji wa tumbaku unakula msitu na mtazamaji anastahili kuliona hilo. Watu waliokulia Urambo na Kaliua walipofika mbele ya kielelezo kile walianza kusimulia baba zao. Hayo ndiyo ninayowatakia wanafunzi wako.

Kwa shamba lenu mimi ningechagua saa moja na nusu jioni. Kwa kuwa Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, na saa zetu ni zilezile za Dar es Salaam, jua lenu huzama karibu saa moja. Nusu saa baadaye limekwisha kutoweka nyuma ya milima ya Kongo, na umebaki ukanda mwembamba wa wekundu juu ya maji. Pipa la kuchemshia chikichi bado liko motoni uani, taa za nyumbani ndiyo kwanza zinawashwa, na mitumbwi ya dagaa iliyotangulia imefika mahali pake na kuanza kuwasha zake. Hapo unapata mianga minne ya rangi nne tofauti, na kila mmoja una sababu yake. Mpangilio nao unajieleza: mtazamaji asimame upande wa nchi kavu, juu ya mteremko, aangalie ziwa kupitia vichwa vya michikichi.

Sasa skeli, yaani kipimo cha kupunguzia: 1:50 maana yake sentimita moja ya kielelezo ni sentimita 50 za kweli. Umesema mna nusu ya shiti la plaiwudi, yaani futi nne kwa nne, ambazo ni sentimita 122 kila upande. Ukitumia skeli ya 1:32, ambayo ndiyo ya matrekta mengi ya kuchezea, ubao huo ni mita 39 tu kwa 39, na michikichi inayopandwa kwa nafasi ya mita 9 italazimika kuachana kwa sentimita 28, hivyo mtapata miti michache mno. Ukienda 1:87 eneo linakuwa la kutosha, lakini hapo taa zinakukwamisha. Taa ya LED ya milimita 3, ambayo ni ndogo kuliko nyingi zilizopo madukani, katika skeli ya 1:87 inalingana na kitu chenye upana wa sentimita 26, na hakuna taa ya nyumbani iliyo kubwa kama boga. Kwa hiyo nashauri 1:50. Katika skeli hiyo taa ileile inalingana na sentimita 15, kipimo kinachokubalika kwa kioo cha karabai. Mtu wa kimo cha kawaida ana sentimita 3 na nusu hivi, ubao wote unawakilisha karibu ekari moja, na michikichi inaachana kwa sentimita 18. Nusu ya ubao ikiwa ziwa, na ua wa nyumba ukiwa umechukua sehemu yake, mtakuwa na nafasi ya michikichi 20 hivi.

Lakini amueni pia kama shamba ni jipya au ni la zamani. Shamba jipya la miche ya tenera, ile chotara yenye kokwa jembamba, hupandwa kwa mpango wa pembetatu, miche 143 kwa hekta, na miti yake hulingana kimo. Mashamba ya zamani yenye michikichi ya dura, ile yenye kokwa nene, hayana mistari: mti mmoja ni mrefu, mwingine mfupi, na katikati yake pana mihogo au mahindi. Kituo cha TARI Kihinga, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kiko mkoani kwenu, na ingefaa mno wanafunzi wakaenda kupima kwa futi kamba badala ya kukisia.

Mchikichi wenyewe utengenezeni kwa manyoya. Chukueni manyoya ya mabawa ya jogoo, myakate kwa mkasi yawe na urefu wa sentimita 12, mpasue kingo zake ili zionekane kama vijani vya kuti, kisha myapake rangi ya kijani iliyochanganywa na kahawia kidogo. Shina liwe waya mnene uliozungushiwa kamba ya katani iliyolowekwa kwenye gundi nyeupe ya mbao, kwani mizunguko ile inafanana sana na makovu ya makuti yaliyokatwa. Udongo wa kichuguu uliochekechwa hutoa ardhi nzuri, na dodoki lililochambuliwa na kutiwa rangi linafaa vichaka. Haya si mageni kwako, kwa hiyo sitayarefusha.

Ziwa linahitaji subira zaidi. Pwani ya Ziwa Tanganyika huzama ghafla, na kina chake kikubwa kabisa kinafikia takriban mita 1,470, kwa hiyo msichore maji mepesi ya samawati yanayoenea mbali. Acheni ukanda mwembamba wa maji mepesi ufukweni, halafu rangi iingie haraka kwenye bluu iliyokaribia weusi. Rangi ikikauka, pakeni vanishi inayong'aa, tabaka nyembamba nyingi, mkingoja kila moja ikauke kabisa. Vanishi hiyo ndiyo itakayorudisha mwanga wa mitumbwi, na bila mng'ao huo taa zenu zitaonekana kama zimechomekwa kwenye sakafu.

Kuhusu mitumbwi nakuomba uwe mkali. Mvuvi wa dagaa anawasha taa ili mwanga uingie majini na kuwavuta samaki, hakuiwasha ili atazamwe. Kwa hiyo kila taa ielekezwe chini, na juu yake iwekwe kofia ndogo ya karatasi yenye rangi ya fedha itokayo kwenye pakiti, ili mtazamaji aone duara la mwanga juu ya maji bila kupigwa na mwanga machoni. Mitumbwi miwili au mitatu ya karibu inatosha. Ile ya mbali msiijenge kabisa: tobweni matundu ya sindano kwenye kadibodi iliyopakwa rangi ya giza, mweke taa nyuma yake, na mtapata mstari wa mianga kama ule unaoonekana kutoka vilimani kwenu usiku wa giza. Tena msiwakubalie wanafunzi wakitaka mwezi mpevu juu ya ziwa. Jioni mwezi mpevu huchomoza mashariki, yaani nyuma ya mgongo wa mtazamaji, na usiku wa mbalamwezi wavuvi wengi wa dagaa hupumzika kwa sababu taa zao hazina nguvu. Mwezi mchanga, mwembamba, ndio pekee wenye haki ya kuwa upande ule kwa saa hiyo.

Wekundu wa machweo uwekeni nyuma ya milima ya Kongo iliyokatwa kwa kadibodi, taa zikiwa zimefichwa chini na kuangaza ukuta wa nyuma kutoka chini kwenda juu. Juu ya shamba lenyewe tieni mwanga hafifu sana wa samawati, wa kutosha tu kuonyesha vilele vya michikichi. Nyumba ziwe na mwanga hafifu kuliko mnavyodhani. Makosa ninayoyaona mara nyingi ni nyumba inayong'aa kuliko jua, na mwanga kupenya kuta zake. Pakeni rangi nyeusi ndani ya kuta kabla ya kuezeka, gaweni vyumba kwa kadibodi, na muwashe chumba kimoja au viwili. Kama ni taa ya sola, LED nyeupe ya kawaida inafaa. Kama ni chemli, ifungeni karatasi ya njano ya peremende.

Moto wa pipa la chikichi ndio ninaoupenda kuliko yote. Madukani kuna mishumaa ya plastiki ya betri inayomemetuka. Fungueni mmoja mtoe taa yake, kisha iungeni mfululizo na LED moja ya rangi ya machungwa na moja nyekundu. Ile ya mshumaa inapomemetuka hubadilisha umeme unaopita kwa wenzake pia, na moto wote unacheza pamoja. Zifunikeni kwa vipande vya mkaa na vijiti.

Umeme wote utoke kwenye betri ya pikipiki ya volti 12. Naomba kabisa msitumie umeme wa ukutani chini ya ubao uliojaa gundi, karatasi na mikono ya watoto. LED nyeupe hutaka volti 3 hivi, kwa hiyo unganisheni tatu mfululizo, zitumie volti 9, na volti 3 zilizobaki zishikwe na rezista (kifaa kidogo cha kupunguza umeme unaopita) ya omu 330, ambayo itapitisha takriban miliampea 9. Hiyo ni chini ya nusu ya miliampea 20 ambazo taa hizo huvumilia, na kwa kazi yetu mwanga huo unatosha na kuzidi. Mnyororo wa zile taa za moto wa pipa, kwa kuwa nyekundu na machungwa hutaka volti 2 hivi kila moja, upewe rezista ya omu 470. Mguu mrefu wa taa ni upande wa chanya. Minyororo kumi kama hiyo haifiki ampea moja hata kwa mbali: hula kama miliampea 90 hadi 100, na betri ya ampea-saa 7 itawatosha siku kadhaa za maonyesho bila kushuka chini ya nusu ya chaji yake. Wekeni fyuzi ya ampea 1 karibu kabisa na betri, kwa sababu nyaya zikigusana betri ya aina hiyo inaweza kuzichoma.

Jambo la mwisho ni banda. Maonyesho hufanyika mchana, na katika hema lenye mwanga taa zenu zote hazitaonekana. Kielelezo kijengwe ndani ya sanduku lililo wazi upande mmoja tu, ndani lipakwe rangi nyeusi, na mbele yake pashushwe kitambaa cheusi ambacho mtazamaji atakifunua na kuingiza kichwa. Kimo cha tundu kiwafae watoto, na wakubwa watainama.

Nitumie vipimo vya meza mtakayopewa pamoja na saa mliyoamua, hata kama si ile niliyopendekeza. Rezista, nyaya nyembamba na LED za machungwa ninazo za kutosha, na nitamkabidhi mtu anayesafiri kwa treni ya Kigoma mara tu nitakapojua idadi ya minyororo mnayohitaji.

Ni mimi ndugu yako,
Fundi