Kero za Muungano zimefutwa kwa nani?

Mhariri,

Taarifa yenu ya wiki iliyopita kuhusu kero za Muungano, yaani malalamiko yatokanayo na Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, imeniudhi. Mmepokea maneno ya wakubwa kwamba nyingi zimeshafutwa kwenye orodha, mkayachapa kama yalivyo. Nalisoma gazeti hili miaka mingi na sijapata kuwaandikia, lakini safari hii sinyamazi. Zimefutwa kwa nani?

Binti yangu ameolewa Bara. Nilimnunulia friji na televisheni pale Darajani, hapa Unguja, vitu vilivyoingilia bandari ya Malindi na kulipiwa ushuru wake wote, na stakabadhi nilikuwa nazo. Niliposhuka botini ng'ambo ya pili, ofisa akazitazama, akanirudishia. "Mzee, hizi za Zanzibar. Huku thamani yake ni nyingine, utalipa tofauti." Nikamuuliza ni sheria ipi. Akanijibu nisiwacheleweshe wenzangu. Nikalipa, maana mkwe alikuwa anangoja juani na gari la kukodi.

Sasa mnisikilize. Mambo ya Muungano, yaani yale yanayosimamiwa na Serikali ya Muungano kwa pande zote mbili, yalikuwa 11 mwaka 1964. Leo Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ina mambo 22. Ushuru wa forodha ni jambo la kumi katika orodha hiyo. Ni la Muungano, halina Bara wala Visiwani. Tena tangu 2005 forodha yetu inakwenda kwa sheria moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, sisi na Wakenya na Waganda. Basi bidhaa iliyotozwa ushuru wa Muungano ndani ya bandari ya Muungano inakuwaje ngeni ikivuka maili chache za bahari ya nchi hiyo hiyo? Na kama kinachodaiwa ni kodi ya ongezeko la thamani, hiyo haimo kwenye orodha na kila upande una sheria yake. Basi mtu aambiwe hivyo, aoneshwe kifungu, ajue analipa nini. Kifungu cha 132 cha Katiba ya Zanzibar kinasema wazi kwamba sheria ya Bunge la Muungano haitumiki kwetu mpaka iwe ya mambo ya Muungano, na ipelekwe mbele ya Baraza la Wawakilishi, yaani bunge letu la Zanzibar. Mipaka imeandikwa. Anayeivuka kila siku haulizwi, na anayelipa ni abiria mwenye friji.

Na si forodha tu. Mpira wa miguu haumo katika yale 22, lakini Machi 2017 CAF, Shirikisho la Soka Afrika, walitupa uanachama na Julai wakatunyang'anya kwa sababu sisi si dola. Desemba ile ile vijana wetu wakafika fainali ya Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati kule Kenya, wakatolewa kwa penalti tu. Jambo si la Muungano, na bado hatuwezi kulifanya wenyewe! Nani alisimama kututetea?

Katiba ya Jamhuri, ibara ya 125, imeunda Mahakama Maalum ya Katiba, wajumbe nusu kwa nusu, kazi yake moja: kusuluhisha serikali mbili, ya Muungano na ya Zanzibar, zikibishana juu ya tafsiri ya Katiba. Sijapata kusikia hata siku moja kwamba imekaa. Raia hana njia ya kufika pale, na serikali zenye njia zinapendelea kamati na chai.

Ninachotaka ni hiki. Kila stakabadhi inayotolewa bandarini kwa mzigo uliotoka Zanzibar iandikwe jina la sheria, kifungu chake, na namba ya jambo la Muungano linalohusika. Ofisa akishindwa kuijaza namba hiyo, wala hana sheria nyingine ya kuonesha, arudishe fedha papo hapo, mbele ya abiria wengine. Serikali zisipokubaliana juu ya namba, zipelekane kwenye mahakama hiyo, na nyinyi mtume mwandishi akae ndani mpaka uamuzi usomwe.

Msomaji wenu,
Unguja Mjini