Kwetu ni marufaa, babaangu

Asalaam alaykum mwanangu,

Meseji yako nimeisoma na picha ya kile kibao cha kukunja cha kuwekea msahafu nimeiona. Huyo mwenzako wa chumba wa Kipakistani anakiita rehal, sawa, kwao ndo jina lake, lakini wewe kuniandikia "mama sisi hatuna jina la kitu hichi" nimecheka mpaka baba yako kaja kuuliza kuna nini. Tunalo, tena la zamani. Marufaa. Bibi yako hajui jina jengine, ni nyinyi vijana wa sikuhizi mnaosema "kile cha kuwekea msahafu", maelezo marefu kama mnamuelekeza mtu njia.

Limetoka kwenye Kiarabu, rafaa, kuinua kitu, kukipandisha. Waomani nao wanasema marfaa. Na asili hiyohiyo unayo mdomoni siku zote, mtu akishindwa kesi si anakata rufaa, yaani anaipandisha mahakama ya juu, na mgonjwa akiwashinda hapa kituoni wanamuandikia hospitali ya rufaa. Basi na msahafu hivohivo, hauwekwi chini, unainuliwa. Ila usije ukaniingizia na rafu ya vyombo humo, najua ulivyo mbishi, ile ni raff, neno jengine kabisa japo nayo iko juu ukutani.

Sasa hiyo rehal nayo Kiarabu vilevile, rahl, tandiko la ngamia, imepita kwa Waajemi ndo ikafika Urdu. Kitazame kikiwa wazi, zile mbao mbili zilivyopishana, utaliona tandiko. Na mtu akishamtandika ngamia si anaondoka, ndo hapo ikaja rihla, safari, na ndo jina watu wanalokiita kile kitabu cha Ibn Battuta, yule msafiri wa Kimoroko alopita Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Misri yale makubwa ya misikitini wanayaita kursi, kursi hiyohiyo ya Ayatul Kursiy unayosoma ukitaka kulala (natumai bado unasoma).

Mi letu ndo nalipenda, maana linakwambia na adabu yake humohumo.

Halafu mwambie mwenzako aitazame vizuri yake. Ikiwa ni ya fundi wa kweli haina bawaba, haina msumari, haina gundi, ni ubao mmoja tu, fundi anaupasua katikati ya unene wake kuanzia juu, anageuza anaupasua kuanzia chini, pale kati zinapokutana anachonga meno yanoumana, ikifunguka inafunguka kama mkasi na haiachani ng'o. Patasi ikiteleza hapo kati basi ubao wote kuni. Iko moja New York, makumbusho ya Metropolitan, ya msaji, imechongwa maua na maandishi mpaka huoni pa kuweka kidole, fundi kaweka jina lake, Hasan bin Suleiman wa Isfahan, na mwaka 761 wa Hijria, ndo 1360 hiyo.

Yako ntamwambia fundi akuchongee. We nipimie msahafu wako upana ukiwa umefunguliwa, na unambie unataka mvule au mkangazi, mi ningesema mkangazi kwa sababu mvule mzito na shangazi yako anokuja huko kilo zake keshazijaza viungo na samaki wakavu. Usichelewe kunijibu.

Mamako