Tusikie na sauti za waandishi wetu

Mhariri,

Macho ya mama yangu yamefifia, lakini hamu ya hadithi haijampungua. Jioni namwekea simu kando ya mto wa kulalia, anasikiliza. Mwezi uliopita nilinunua kitabu cha sauti cha Kiswahili. Msomaji akawa anasema "ngombe" badala ya "ng'ombe", na mashairi akayapita mbio kama anayesoma bei za sokoni. Mama akaniambia, "Zima, mwanangu, nisomee wewe."

Mwandishi Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021 tulimsikia kila mahali, ila zaidi kwa Kiingereza. Riwaya yake Paradise ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Natamani kumsikia mfasiri huyo akizungumza kwa kituo, aseme ni neno gani lilimkwamisha.

Wachapishaji, warekodini waandishi wetu wangali hai. Podikasti, yaani kipindi cha sauti cha mtandaoni, haidai studio ya kifahari: chumba kimya, simu nzuri, na mwulizaji aliyekisoma kitabu chenyewe. Huyo wa mwisho ndiye adimu.

Msomaji wenu,
Tanga