Malalamiko kuhusu lebo ya dawa ya kuogeshea mifugo

Micheweni, Pemba
20 Juni 2025

Kwa Meneja Mauzo,

KUH: KARATASI YA KISWAHILI ILIYOBANDIKWA KWENYE CHUPA ZENU ZA AMITRAZI

Assalaam alaykum.

Nafuga kondoo kumi na mmoja. Masika yalipokolea waliingiliwa na nzi wa kuuma. Ukimtazama haraka utadhani ni nzi wa jikoni, lakini huyu mdomo wake umechomoza mbele kama sindano, na miguu ndiyo aipendayo. Kondoo wakawa hawali, kutwa kupiga kwato chini na kujisugua kwenye nguzo za banda mpaka manyoya yakawatoka.

Nikaenda Chake kwa wakala wenu, nikauziwa amitrazi ya asilimia 12.5. Karatasi mliyoibandika inasema: "Inaua kupe, chawa, utitiri na nzi wote. Vifuniko viwili kwa ndoo moja."

Ndoo ipi? Ya kwangu ni ya lita 10. Nzi hawakupungua, nikarudia kuwanyunyizia kila baada ya siku tatu, nikiamini dawa haijawaingia vizuri. Wiki ya pili ngozi za mapaja na matumbo zikawa nyekundu, zikapasuka, zikatoa majimaji.

Daktari wa mifugo alipokuja akaibandua karatasi yenu na kusoma maandishi ya Kiingereza yaliyofunikwa chini yake. Kupe wamo, chawa wamo, utitiri wamo. Nzi hawamo kabisa. Kipimo ni mililita 2 kwa lita moja ya maji. Tulipopima kifuniko kwa bomba la sindano kilichukua mililita 20, viwili ni mililita 40, kwa hiyo ndoo yenu ni ya lita 20, na mimi nilikuwa nikiwaogesha kondoo wangu dawa kali maradufu juu ya ngozi iliyokwisha kuchubuka.

Sisemi sina lawama. Banda langu lilikuwa na majani mabichi yaliyochanganyika na samadi na mkojo, na humo ndimo nzi hawa wanamotaga. Tangu nianze kulizoa kila wiki, na daktari kuwatia kondoo dawa ya deltamethrini ya kumimina mgongoni, nzi wamepungua sana. Lakini samadi hainihalalishii kuuziwa dawa ya kupe kwa jina la nzi.

Hasara iliyoniuma zaidi ni ya Mfunguo Tatu, mwezi wa Idd ya kuchinja. Madume wanne nilikwisha kupatana bei, shilingi 220,000 kila mmoja. Wanunuzi walipokuja kuwatazama wakasema hawa wana upele, hawafai kuchinjwa. Sikuwa na la kuwajibu, maana hata mimi nisingemnunua mnyama wa namna ile kwa udhia, yaani dhabihu ya Idd. Wawili nimewauza baada ya Idd kwa 150,000. Wawili bado wanapakwa mafuta ya vidonda.

Naomba mnirudishie bei ya dawa, shilingi 18,000, na gharama za daktari, 45,000. Risiti zote mbili nimeziambatanisha. Hasara ya madume naiacha kwenu muipime wenyewe. Na chupa zilizobaki madukani ziondolewe karatasi hiyo, iandikwe nyingine yenye mililita na lita, na neno "nzi" lifutwe. Jirani yangu alinunua chupa kama hiyo juzi, nimemzuia asiifungue.

Chupa yangu, iliyobaki nusu, ninayo pamoja na karatasi yake. Mkituma mtu kuja kuiona, karibuni.

Wasalaam,
Mfugaji, Micheweni