Ile kona uliyonitumia picha

Tanga

Swahiba wangu,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima. Mvua zimechelewa, lakini miembe haijali. Mama anakusalimu, anauliza kama baridi ya huko imeshakufundisha kuvaa soksi.

Picha zako nimezipata. Umeniandikia kwamba mwenzako wa kazini alikupeleka Silverstone, ule uwanja wa mbio za magari huko Uingereza, mkakuta lami na upepo tu, ukaona upige picha “kikona kimoja hivi” ili nisije nikasema umenisahau. Kikona kimoja hivi! Bwana wewe, hiyo ni kona ya Luffield. Nimeitazama mpaka simu ikaisha chaji.

Unamkumbuka yule baharia aliyekuwa akileta kanda za video pale gereji, Barabara ya Kumi na Mbili? Wewe enzi hizo huoni wala husikii, Coastal Union tu. Sisi wengine tulikuwa tunakaa juu ya matairi chakavu tunatazama magari. Kanda moja ilikuwa na mashindano ya Uingereza, ubingwa wa magari ya saluni, mbio za mwisho za mwaka 1992, tarehe 4 Oktoba, hapo hapo Silverstone. Tuliirudisha nyuma mara nyingi pahala pamoja hata picha ikawa inatetemeka ikifika hapo, kama vile kanda yenyewe inajua kinachokuja.

Kilichotushangaza kwanza ni magari. Sisi tumezoea Safari Rally, dereva anaondoka peke yake na kugombana na tope na saa. Hawa wanaondoka wote kwa pamoja, na magari ni haya haya ya mtaani. Mna Carina, swahiba! Carina kama za teksi zetu, na anayeendesha mojawapo ni Will Hoy, bingwa wa mwaka uliotangulia. Injini lita mbili, basi. Fundi mkuu wa gereji alikataa kuamini, akadai wameficha kitu kwenye boneti.

Siku hiyo watu watatu walikuwa bado wanaweza kuchukua ubingwa: Hoy huyo wa Toyota, Tim Harvey wa BMW, na John Cleland, Mskoti, wa Vauxhall Cavalier. Hoy mweke kando, maana kisa ni cha wale wawili. Na Harvey alikuwa na mwenzake wa timu, Steve Soper, ambaye ubingwa haukuwa wake tena. Mtu asiye na cha kupoteza, halafu mwenzake wa timu anagombea. Unajua mwenyewe mtu wa namna hiyo anavyokuwa.

Soper aligongwa mapema, akazunguka, akabaki mkiani. Hapo wengi wangeingiza gari gereji wakanywe chai. Yeye akaanza kupanda. Alikuwa anachomekea kama dereva wa daladala aliyechelewesha hesabu ya tajiri, gari limebonyea, mmoja baada ya mwingine, mpaka akawafikia kina Cleland na Harvey mizunguko ikiwa imebaki michache. Zikatokea purukushani za kupitana, na zilipotulia Harvey yuko mbele, Soper katikati, Cleland nyuma. Yaani mlango umefungwa, na bawabu ni Soper.

Cleland akatoa kidole. Mtangazaji wa BBC, mzee Murray Walker, hakutaka kusema kidole kile ni cha nini, akakitafsiri kwa heshima: nakwenda kushika namba moja, asema John Cleland. Gereji nzima ilianguka kicheko, hata wale ambao Kiingereza kilikuwa kinawapita juu. Kidole hakihitaji mkalimani.

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo picha yako inapoingia. Kabla ya Luffield kuna kona inaitwa Brooklands, nayo inakata kushoto. Luffield inakata kulia. Cleland aliingia Brooklands kwa ndani, kushoto kabisa, akapanda ukingo wa lami, gari likainuka upande mmoja. Tairi mbili hewani! Akaenda hivyo hivyo na kumpita Soper. Mpaka leo nikikumbuka nainamisha bega upande wa pili, kana kwamba nitamsaidia kulirudisha chini.

Lakini kona ikigeuka, aliyekuwa ndani anakuwa nje. Cleland alipotoka Brooklands akiwa mbele, upande wa ndani wa Luffield akawa amemwachia Soper. Na Soper akauchukua, kwa mwendo ambao breki hazikuweza kuumaliza. Akamvaa. Magari yote mawili yakaishia hapo, pale pale uliposimama wewe na simu yako ukilalamikia upepo. Harvey akaendelea zake, akamaliza wa nne, na hiyo nne ikamtosha kuwa bingwa. Cleland, alipowekewa kipaza sauti, alimwita Soper mnyama.

Pale gereji tuligawanyika. Mimi miaka yote nilikuwa upande wa Soper. Nilisema alipewa kazi akaifanya, na nafasi ya ndani ilikuwepo, aliyeiacha ni Cleland mwenyewe. Juzi, kwa ajili ya picha yako, nimeitafuta tena na kuitazama nikiwa na umri huu. Nafasi ilikuwepo kweli, hilo sirudi nyuma. Ila safari hii nilimtazama Soper tu kuanzia Brooklands, nikaona anavyoingia: haingii kama mtu anayetarajia kutoka upande wa pili wa kona. Labda ninamwonea. Lakini yule fundi wetu alisema neno lile lile siku ya kwanza, nami nikambishia mpaka akaninyima chai.

Cleland usimlilie sana, ubingwa alishauchukua 1989 na akaupata tena 1995. Ila watu wakimtaja, wanachokumbuka ni kidole na tairi mbili hewani.

Huyo mwenzako wa kazini akikupeleka tena, tembea nyuma kidogo mpaka Brooklands. Nipigie picha ukingo wa ndani, ule wa kushoto. Inama, upige kutoka chini, nataka kuona ukingo huo una kimo gani. Na mkoba wa Mama usisahau, amesema wa rangi ya kahawia, siyo nyeusi kama ule wa mara iliyopita.

Wako,
Swahiba wa Ngamiani