Maji ya viwandani yakishasafishwa, tope lake linawekwa wapi?

Bwana Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule moja ya sekondari hapa Lubumbashi, na ninakuandikia kwa sababu ya chupa moja ya maji. Mwanafunzi wangu aliileta darasani mwishoni mwa kiangazi, akiwa ameijaza kwenye mfereji unaopita karibu na kwao na kupokea maji ya kiwanda kimoja baada ya kusafishwa. Maji yalikuwa maangavu, hayakuwa na harufu, na karatasi ya kupimia haikuonyesha asidi yoyote. Darasa zima lilifurahi. Kisha tukachukua lita moja, tukaichemsha juu ya mbabula mpaka ikakauka yote, na chini ya sufuria ukabaki unga mweupe wa kujaza kijiko cha chai.

Ningependa kueleza unga ule ulitoka wapi, kwa kuwa sisi wananchi, na viongozi wetu vilevile, tumezoea kuamini kwamba maji yakishakuwa maangavu shauri limekwisha. Katika viwanda vingi vya shaba na kobalti vya Katanga, mawe husagwa na kulowekwa katika asidi ya salfuriki ili madini yayeyuke. Maji yanayobaki hutiwa chokaa, nayo chokaa huvunja nguvu ya asidi, na metali nyingi zilizokuwa zimeyeyuka huganda na kuzama pamoja na jasi, yaani chumvi nyeupe inayotokana na chokaa na asidi hiyo, zikawa tope. Siidharau kazi hiyo hata kidogo, kwa sababu maji ya asidi yakiingia mtoni bila chokaa huua samaki na kila kinachoota kando. Lakini jasi yenyewe huyeyuka kidogo majini, kiasi cha gramu 2 hivi kwa lita, na metali ya manganizi haizami sawasawa mpaka chokaa iongezwe sana. Ndiyo maana maji yale maangavu yalikuwa bado na chumvi. Metali zilizoondolewa nazo hazikutoweka. Zimo katika tope, na asidi ikirudi zinaweza kuyeyuka tena.

Jambo hili limenikaa moyoni zaidi tangu niliposoma utafiti wa Radisav Vidic, mhandisi wa mazingira na profesa wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, juu ya maji machafu ya gesi ya sheli, yaani gesi iliyonaswa ndani ya mwamba uliotokana na matope ya kale. Katika jimbo la Pennsylvania mwamba huo unaitwa Marcellus. Ili kuupasua, wachimbaji husukuma chini mamilioni ya lita za maji, pamoja na mchanga na kemikali, kwa kila kisima. Maji yanayorudi juu yanaweza kuwa na chumvi ya gramu 200 kwa lita, ilhali bahari ina kama 35, na humo mna metali za bariamu na strontiamu, pamoja na radiamu, ambayo hutoa mionzi. Kwa kuwa jimbo hilo lina pia migodi mingi ya makaa ya mawe iliyoachwa, ambayo huvuja maji yenye salfeti (chumvi ya asidi ya salfuriki), Vidic na wenzake walichunguza namna ya kuchanganya machafu hayo mawili: salfeti ya mgodini huikamata bariamu ya kisima cha gesi, vyote viwili huzama vikiwa unga mzito mweupe, na maji yanayobaki hutumika tena kupasulia mwamba badala ya kuteka mengine mtoni. Niliposoma hayo nilifurahi, kwa sababu ni kemia ileile ninayoifundisha ubaoni.

Hata hivyo, radiamu ina tabia kama za bariamu na huzama pamoja nayo, kwa hiyo mionzi huhamia katika tope. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walichapisha vipimo vya kijito kimoja cha magharibi ya Pennsylvania, kilichokuwa kikipokea maji ya kiwanda cha kusafisha machafu ya aina hiyo. Kiwanda kilikuwa kikiondoa sehemu kubwa ya radiamu, na bado mashapo, yaani matope yaliyotua chini, ya pale maji yalipomwagwa yalikuwa na radiamu mara 200 hivi kuliko mashapo ya sehemu ya juu ya kijito, kabla ya maji hayo kuingia. Maji yalikuwa yakipita, mashapo yakibaki na kuongezeka.

Mwaka huohuo Vidic na wenzake waliandika katika jarida la Science kwamba upungufu wa vipimo vilivyochukuliwa kabla ya uchimbaji unafanya iwe vigumu kujua uchafu umetoka wapi. Hapa kwetu, mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi, wakakuta kobalti nyingi mno, na watoto wakiwa wameathirika zaidi. Inaniuma kwamba mtoto alitangulia kuwa chupa yetu ya kupimia. Sheria ya madini ya Kongo ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inamdai mwenye mgodi uchunguzi wa mazingira na mpango wa kuyalinda. Naomba matokeo yabandikwe kwenye ofisi ya kila komini, kwa Kiswahili, yakisema tope ni kiasi gani, lina nini, limelazwa juu ya nini, na nani atalitunza mgodi ukifungwa.

Mvua zetu huanza kunyesha kwa nguvu Novemba, na bwawa la tope likijaa kupita kiasi huweza kufurika au kubomoka. Mto Lubumbashi huingia Kafubu, Kafubu huingia Luapula, na kando ya Kafubu akina mama wanalima lengalenga tunazokula na bukari kila siku. Kabla ya mvua hizo, wataalamu wachukue mashapo pale mito miwili inapokutana, juu na chini yake, na gazeti lako lichapishe matokeo. Wanafunzi wangu wameniomba niseme kwamba wako tayari kubeba chupa.

Mwalimu wa kemia,
Komini ya Katuba, Lubumbashi