Risala ya Kikundi cha Marafiki wa Maktaba ya Mji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Vitabu Duniani, 23 Aprili

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Ndugu Mtendaji wa Kata,
Wazee wetu, walimu, wanafunzi na wasomaji wote, itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Tunafahamu jinsi ratiba yako ilivyobana, ndiyo maana tuliokuwa tukusubiri saa 4 asubuhi tunakupokea saa 7 mchana kwa furaha ileile. Kufika kwako wewe mwenyewe ni hatua kubwa, kwa kuwa mwaka jana mgeni rasmi alituma mwakilishi, na mwakilishi akatuma salamu. Utuwie radhi kwa kukukalisha chini ya mwembe. Chumba cha kusomea kipo hapo nyuma yako, lakini usiku wa jana mvua ilinyesha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia yetu haitakuchosha. Huduma za maktaba za umma ziliwekewa sheria nchini mwaka 1963, Mwalimu Nyerere akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, na sheria ya mwaka 1975 ikaunda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania iliyopo hadi leo. Maktaba yetu ilikuja baadaye, ikapewa jengo lililokuwa ghala la ushirika. Kikundi hiki kiliundwa na wananchi uliposikika uvumi kwamba mlango utafungwa. Mlango haukufungwa. Siku hizi hata ukitaka kuufunga haufungiki, maana mbao zimevimba kwa maji.

Kwa upande wa mafanikio, kikundi kimepiga hatua ambazo hatusiti kuziita za kihistoria. Tumefanya mageuzi makubwa ya samani, yaani mabenchi 4 yamepigiliwa upya na moja limepakwa vanishi. Tumeweka mfumo wa kisasa wa kuazima vitabu, ambao ni daftari lenye mistari, kalamu iliyofungwa kwa uzi na muhuri wa tarehe. Vitabu vyote vimepangwa kwa namba za Dewey, ambazo huipa kila mada namba yake rafuni, na mtoto wa darasa la 5 anaweza kukuonyesha kwamba hadithi za mapokeo zipo 398 na fasihi ya Kiswahili ipo 896.392. Kila Jumamosi wazazi hujitolea kuwasomea watoto wadogo kwa sauti.

Hiyo 896.392 ndiyo inayotuleta kwenye jambo lenyewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nalo ni paa.

Ghala lile lilijengwa kuhifadhi magunia. Gunia hukaa wiki chache likapakiwa kwenye lori, kwa hiyo tone mbili tatu hazikumnyima mtu usingizi. Kitabu hukaa rafuni miaka. Bati zilizopo ni za geji 32, na kwenye bati kadiri namba ya geji inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Aliyeezeka alipigilia misumari kwenye mabonde ya bati badala ya migongo, na bondeni ndiko maji yanakopita. Wosha za mpira zimekauka na kupasuka, misumari imeota kutu, matundu yamepanuka. Kwenye maungio bati limepandana kwa kiganja kimoja tu, hivyo upepo wa masika husukuma maji yakapanda kinyume na kuingia ndani.

Tumeziba kwa lami mara nyingi tusizoweza kuzihesabu. Lami hushika mwezi mmoja, miwili ukibahatika. Mchana bati linatanuka kwa jua, usiku linasinyaa, lami inaachia ukingoni, na tundu lililokuwa moja linakuwa mawili kwa sababu fundi amelikanyaga bati akienda kuziba. Kwa hiyo tunaomba kwa unyenyekevu tusipewe tena debe la lami. Tunayo matatu.

Maji yakishaingia, kazi inahamia kwa mkutubi na wanachama. Kitabu kilicholowa hakianikwi juani: kurasa hujikunja na gundi ya mgongo hupasuka. Husimamishwa wima kikiwa kimefunguliwa kidogo kama feni, huwekewa karatasi nyeupe kila baada ya kurasa 20 hivi (gazeti halifai, huachia wino), na karatasi hizo hubadilishwa kila zinapolowa, katika chumba chenye upepo. Usipowahi ndani ya siku mbili, ukungu unaanza. Vitabu vyenye karatasi za kung'aa, hasa vya sayansi na atlasi, ndivyo vinavyotuumiza zaidi: zikikauka kabla hujazitenganisha, kurasa hugandana kikawa tofali. Ipo atlasi ya namna hiyo mezani mbele yako, Mheshimiwa. Tunakuomba ujaribu kuifungua kwenye ukurasa wa Afrika Mashariki.

Rafu ya 896.392 tumeihamisha mara tatu kulikimbia tundu. Sasa imekaa katikati ya chumba, imefunikwa turubai, na msomaji anayetaka riwaya huomba afunuliwe kama anayenunua samaki sokoni.

Mahitaji yenyewe tumeyapima kwa kamba na kuyahakiki na mafundi wawili wasiojuana. Paa lina pande mbili, kila upande una urefu wa mita 13. Tunahitaji bati 72 za mita 2.5, geji 28, mbili kwa kila mstari zikipandana sentimita 20, pamoja na 3 za akiba. Kofia 7 za mita 2, za kufunika kileleni pande mbili zinapokutana. Skrubu 800 zenye wosha ya mpira, zifungwe migongoni. Papi 20, yaani mbao zinazofungiwa bati, za inchi 2 kwa 2 zilizopakwa dawa ya mchwa, kwa kuwa baadhi ya zilizopo unaweza kuzichimba kwa kidole. Kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, ni nzima, hatuziombi. Tafadhali isiletwe geji 30 kwa hoja kwamba zinafanana. Zikiwa dukani zinafanana.

Nguvu kazi ni yetu. Vijana wa mtaa wataezua na kubeba, akina mama wamejipangia zamu ya chakula, fundi mkuu amepunguza ujira wake. Kazi ni ya siku 4, na ifanyike baada ya masika kuisha na kabla ya vuli. Vitabu vitahamia darasa moja la shule jirani. Mwalimu Mkuu ameshakubali kwa maandishi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatusemi haya kwa kukosa shukrani. Mgeni rasmi wa miaka mitatu iliyopita alituahidi bati zote, tukapiga vigelegele. Aliyemfuata aliahidi nusu, tukapiga makofi. Wa mwaka jana, kupitia salamu, aliahidi kulifuatilia. Risala zote tatu zipo kwenye jalada, na aya ya paa ni ileile, tulichobadilisha ni jina la anayesomewa. Katika bahasha utakayokabidhiwa kuna makadirio ya gharama kwa bei za dukani za wiki iliyopita, na nyuma yake tumebana makadirio ya miaka mitatu iliyopita, uone ahadi inavyopanda bei ikikaa.

Yapo maombi mengine: taa za jioni kwa watahiniwa wa kidato cha nne, na mkutubi wa pili aliyesomea fani hiyo chuoni Bagamoyo. Hayo yanaweza kusubiri. Taa tukizifunga leo zitaingia maji.

Tunaomba pia, kwa ruhusa yako, jibu la leo litamkwe kwa idadi ya bati na tarehe ya kufika. Katibu ameshafungua ukurasa mpya wa daftari na ameuchora mistari miwili, mmoja wa idadi na mmoja wa tarehe. Ngazi imeegeshwa ukuta wa nyuma kwa yeyote katika msafara wako anayependa kujionea mwenyewe kabla hujasimama kuzungumza, naye tunamsihi akanyage palipo na papi.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya Kikundi